Fundi Aliyekataa Barafu Iyeyuke

Elimringi Kweka alikuwa na miaka arobaini na mmoja alipoanza kulipwa mshahara kwa kugandisha maji, tena Texas, mahali ambapo mwezi wa saba ukisahau chupa ya soda ndani ya gari unaikuta imevimba kama chura.

Alikuwa Mmachame, mtoto wa mwalimu, fundi wa majokofu tangu ujanani. Ufundi aliusomea Moshi, akaukomaza Mwanza kwenye kiwanda cha samaki. Huko minofu ya sangara ililala katika vyumba vya baridi ikisubiri ndege, na mtambo ukizimika nusu siku, hasara yake ilitosha kumkosesha kazi kila mtu, kuanzia fundi mkuu mpaka mfagizi. Ndiko alikoipata tabia iliyomkaa mpaka mvi: mtambo ukiharibika hakuuliza nani kasema hautengenezeki. Aliufungua kwanza.

Mwaka 1996 jina lake lilitoka katika bahati nasibu ya viza. Akaja na mkewe Dorothea na binti yao Tania, aliyekuwa na miaka sita. Miaka mitatu ya mwanzo alisukuma maboksi kwenye ghala la vyakula vilivyogandishwa kule Grand Prairie. Kila mtambo wa ghala ulipougua, yeye alisimama pembeni na toroli lake akiwatazama mafundi wa kukodi wakibahatisha, naye anajua kabisa kinachouma. Mara moja alithubutu kusema. Msimamizi akamwambia arudi kwenye maboksi.

Kisha, mwaka 1999, timu ya hoki ya Dallas ikatwaa kombe la ligi kuu. Watoto wa Kitexas ambao barafu waliijua ndani ya glasi ya chai tu, wote wakataka fimbo na kofia ngumu. Viwanja vikachipuka kama uyoga. Kule Carrollton, pembeni mwa Dallas, ghala moja la zamani la mazulia likageuzwa uwanja, na likatoka tangazo la kutafuta mtu anayejua kompresa. Elimringi akaenda na vyeti vyake vya Moshi ndani ya bahasha ya kaki.

Meneja wa uwanja alikuwa Mtexas mrefu mwenye sauti ya upole, Bwana Pruitt. Aliposoma kwamba mwombaji ametoka chini ya Mlima Kilimanjaro alicheka, akasema basi barafu umeizoea. Elimringi alimjibu kwamba theluji ya Kibo aliitazama kila asubuhi kwa miaka ishirini na hakuwahi kuigusa hata siku moja, ila kompresa amezishika nyingi. Pruitt akampa kazi ya fundi msaidizi. Fundi mkuu hakuwahi kuajiriwa, kwa hiyo msaidizi hakuwa na wa kumsaidia.

Kazi yenyewe aliipenda tangu siku ya kwanza. Chini ya ile barafu palikuwa na sakafu ya zege, na ndani ya zege mabomba membamba yaliyopita huku na huku kama matuta ya shamba, yakizungusha maji ya chumvi yaliyopozwa kupita kiwango cha kuganda. Kompresa mbili kubwa, namba moja na namba mbili, ndizo zilizoyapoza. Nje jua linachemsha lami, ndani zile mbili zinanguruma kwenye chumba cha nyuma, na kati yake wapo watoto wanaoteleza. Elimringi aliona kuwa hiyo ni vita ya kila siku, na vita ya namna hiyo aliiweza.

Tania aliingia hoki kwa sababu hapakuwa na wa kumwangalia. Dorothea alihudumia wazee katika nyumba ya kutunzia wazee, zamu ya mchana mpaka usiku, kwa hiyo mtoto akitoka shule alikwenda uwanjani kwa baba yake na kufanyia kazi za shule kwenye benchi. Mama wa dirisha la kukodishia viatu akamwazima vya kuteleza. Baada ya miezi miwili Tania alikuwa anarudi nyuma kwa kasi zaidi kuliko wengine walivyokwenda mbele. Timu ya watoto ilikuwa haina golikipa, maana hakuna mzazi aliyetaka mwanawe apigwe na kile kisahani kigumu cha mpira wanachokiita paki. Tania akasema atakaa golini.

Elimringi mwenyewe hakupenda. Dorothea ndiye hakupenda kabisa. Mechi nyingi zilikuwa Jumapili, saa zilezile za ibada ya Kiswahili waliyoianzisha wao na familia nyingine tisa katika ukumbi wa Kanisa la Kilutheri, na Dorothea ndiye aliyeongoza kwaya. Alisema hakuvuka bahari ili bintiye arushiwe mawe na wavulana siku ya Bwana. Wakakubaliana kwamba msimu ukiisha, mchezo umeisha.

Kilichobadilisha mambo ni neno la mtu mmoja. Walikuwa wamekwenda kucheza kwenye uwanja wa klabu moja kubwa ya kaskazini, klabu yenye mabasi yake na makocha wa mshahara. Elimringi alisimama nyuma ya kioo, kakunja mikono. Baba mmoja wa upande wa pili, bila kujua aliyesimama karibu naye ni nani, akamwambia mwenzake kwamba yule mtoto mweusi golini angefaa zaidi mpira wa kikapu, na kwamba kile kiklabu cha Carrollton kingesaidia watu wote kikifunga milango yake chenyewe. Wakacheka kidogo, wala si kicheko cha ubaya hasa. Ni kicheko cha watu wanaosema jambo lililo wazi.

Njiani kurudi Elimringi hakuwasha redio. Walipofika nyumbani alimwambia Dorothea kwamba binti atacheza msimu ujao, na ujao wake, mpaka atakapochoka mwenyewe. Dorothea alimtazama, akamuuliza nini kimetokea. Alipoelezwa akaenda jikoni. Jumapili iliyofuata aliomba ibada isogezwe hadi saa kumi jioni, na aliyepinga aliambiwa aje aongoze kwaya yeye.

*

Kushindana kwenye hoki ukiwa Carrollton kulikuwa kama kulima juu ya mwamba. Saa za barafu zilikuwa chache na kila mtu alizitaka. Mchana zilikuwa za wacheza densi ya barafu, jioni za ligi ya watu wazima waliolipa vizuri, Jumamosi za sherehe za kuzaliwa. Watoto walibakiziwa saa kumi na moja alfajiri. Walifika wamefunga viatu ndani ya gari, wengine wakiwa bado na alama ya mto shavuni, na kutoka mazoezini walikwenda shule moja kwa moja.

Halafu makocha wakaondoka. Waliojua mchezo ule walikuwa watu wa kaskazini ya mbali, Minnesota na Michigan, waliokuja Texas kwa kazi za kampuni za simu pale Richardson. Mwaka 2001 kampuni hizo zilipoanza kuporomoka, baba mmoja baada ya mwingine alikabidhiwa boksi la kutilia vitu vyake vya mezani. Kocha wa timu ya Tania, mhandisi mtaratibu aliyewafundisha watoto kuanguka bila kuumia, aliuza nyumba yake mwaka uliofuata na kurudi kwao. Siku ya kuaga alilia mbele ya watoto. Wanawe wawili walikuwa washambuliaji bora wa timu, nao wakaenda naye.

Na walipobaki wachache, klabu kubwa ya kaskazini ikaanza kuwachota. Ilimpigia mzazi simu, ikamsifia mtoto, ikamwahidi fulana mpya na safari za mashindano. Timu iliyokuwa na watoto kumi na tisa ikafika kumi na watatu.

Aliyeishika isisambaratike ni Nderitu, Mkenya wa Nyeri, nesi wa chumba cha wagonjwa mahututi, ambaye mwanawe Sheldon alicheza beki. Nderitu hakujua hoki hata chembe. Alijua ratiba, simu na kutokata tamaa. Alimtafuta mwalimu mmoja wa hesabu aliyekulia Michigan, mwanamke mfupi mkali, akambembeleza wiki tatu mpaka akakubali kuwafundisha watoto. Nderitu na Elimringi walizoeana haraka, ingawa Elimringi alimcheka kwa Kiswahili chake.

"Wewe Nderitu, Kiswahili chako kimepigwa rungu," alimwambia.

"Na chako kimevaa tai," Nderitu akajibu. "Lakini tunaelewana."

*

Tarehe kumi na tisa Juni, mwaka 2003, joto likiwa nyuzi thelathini na tisa, kompresa namba mbili ilitoa mlio kama wa bati linaloburutwa juu ya kokoto, ikatetemeka, ikanyamaza.

Elimringi aliifungua siku hiyohiyo. Beringi kubwa ilikuwa imesagika na shafti, chuma kinachozunguka ndani yake, imechubuka. Kampuni iliyomiliki uwanja, yenye makao yake jimbo jingine, ilileta mtaalamu aliyekaa dakika ishirini na kuandika kwamba mtambo haufai, ununuliwe mwingine. Kampuni haikutaka kununua. Wiki moja baadaye Bwana Pruitt aliitisha wazazi katika chumba cha kufungia viatu, akawasomea barua. Mitambo itazimwa mwisho wa mwezi. Barafu itayeyushwa. Uwanja utapumzika mpaka vuli, na uongozi unafikiria kuugeuza uwanja wa mpira wa miguu wa ndani, wenye nyasi za plastiki, ambao hauhitaji kompresa hata moja.

Kila mzazi pale alijua maana yake. Mchujo wa wachezaji ulikuwa mwezi wa nane. Bila barafu hakuna mchujo, bila mchujo hakuna timu ya kuandikisha ligini, na ifikapo vuli watoto wote watakuwa wamekwisha gawanywa kama mali ya marehemu. Nderitu aliuliza kama kuna njia nyingine yoyote. Pruitt akatikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli, maana hakuwa mtu mbaya.

Elimringi alikuwa amesimama mlangoni na ovaroli yenye mafuta. Hakualikwa kwenye kikao. Alikuja kwa sababu chumba kilikuwa njia ya kwenda stoo. Akapaza sauti, kwa Kiingereza chake cha taratibu:

"Namba mbili haijafa. Shafti itakerezwa, beringi zitaagizwa, gasketi nitakata mwenyewe. Nipeni siku kumi."

Chumba kikageuka kumtazama. Pruitt akamkumbusha, bila ukali, kwamba hana leseni ya jimbo ya kazi hiyo, na kampuni ya bima haitakubali.

"Nitampata mwenye leseni aikague kabla haijawashwa. Akikataa, sitawasha."

"Na siku hizo kumi barafu itashikwa na nini? Namba moja peke yake haiwezi."

"Itashikwa na namba moja na mimi," Elimringi alisema.

Wapo waliocheka. Mwalimu wa hesabu hakucheka. Alisema yeye anachukua hizo siku kumi, na mazoezi ya kesho yako palepale. Wazazi wakaanza kuongea wote kwa pamoja. Pruitt alikuna shingo, akatazama barua yake, kisha akasema kwamba barua inasema mwisho wa mwezi lakini yeye anaweza kujifanya amechelewa kuisoma. Siku kumi. Ila siku barafu itakapolainika kiasi cha mtoto kuumia, atazima kwa mkono wake.

Nyumbani Dorothea alimsikiliza mpaka mwisho huku akikunja nguo.

"Mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi," alisema.

"Sisi Walutheri, mama Tania. Idi tutaitoa wapi?"

"Utaiona wakikufukuza." Akakunja shuka la mwisho. Halafu akauliza chakula amletee saa ngapi.

*

Alianza kwa kuipunguza barafu. Barafu nene ni blanketi, huizuia baridi ya sakafuni isifike juu, kwa hiyo aliikwangua mpaka ikabaki unene wa vidole viwili. Akazima taa zote isipokuwa safu moja, maana kila taa ni jiko. Milango akaitundikia mapazia ya plastiki kutoka ghala lake la zamani la Grand Prairie, aliyopewa bure na yule msimamizi aliyewahi kumrudisha kwenye maboksi. Mashine ya kulainisha barafu, ambayo kawaida humwaga maji ya moto, akaitia ya baridi na kuipitisha mara chache.

Watoto wakafanya mazoezi gizani. Unyevu ulipoingia kutoka nje, ukungu ulisimama juu ya barafu mpaka kiunoni, na kocha akawatuma wazunguke uwanja mzima kwa kasi ili waupasue. Tania alikaa golini akiwa haoni paki mpaka ifike hatua tano. Alijifunza kusikiliza fimbo. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, hasemi mengi, na baba akimwongelesha Kiswahili yeye hujibu Kiingereza. Elimringi alipomuuliza kama anaogopa, alijibu, "I'm busy, Baba," akavuta kofia usoni.

Mchana Elimringi alikuwa kwenye namba mbili. Shafti aliipeleka kwa mkerezaji mmoja wa Grand Prairie, akasimama juu ya bega la mtu yule mpaka chuma kikawa laini kama kioo. Beringi zilichukua siku nne kufika. Gasketi, zile karatasi ngumu za kuzuia uvujaji, alizikata kwa mkasi wa Dorothea wa kushonea, na kwa hilo hakusamehewa haraka.

Siku ya saba ilikuwa Jumamosi, na mhudumu wa dirisha la mbele alikuwa amekubali sherehe ya kuzaliwa ya watoto arobaini bila kumuuliza mtu. Saa saba mchana, nyuzi arobaini na moja nje, milango ikafunguliwa wazi na upepo wa moto ukaingia kama mgeni asiyebisha hodi. Elimringi alikuwa chumba cha mitambo. Aliona mshale wa kipimo cha joto ukipanda, akatoka mbio. Kwenye kona ya karibu na goli barafu ilikuwa inatoka jasho.

Akaenda kusimama kwenye lango la kuingilia uwanjani, akalifunga nyuma yake, na kusema hakuna anayeingia.

Baba mwenye sherehe alimwambia kwamba amelipia. Elimringi akasema anajua. Akawaambia keki wale, michezo ya ukumbini wacheze, na siku namba mbili itakapowaka waje wateleze bure siku nzima. Mtu yule akapandisha sauti, akamuuliza yeye ni nani hata aamue. Elimringi alisema yeye ndiye fundi. Miguu themanini yenye visu juu ya vidole viwili vya barafu iliyolowa itafika kwenye zege, na mtoto wa kwanza atakayevunjika mkono atakuwa ndiye mwenye siku yake ya kuzaliwa. Alisimama hapo saa moja na nusu, mgongo kwenye lango, mpaka wa mwisho akaondoka.

Jumatatu Pruitt alimkabidhi barua ya onyo, ya kwanza na ya mwisho, akamtaka aweke sahihi. Elimringi aliisoma yote, akaweka sahihi, na chini yake akaandika kwa mkono: *Nimesoma. Barafu ipo.* Kisha akarudi kwenye kompresa yake.

*

Mwenye leseni aliyemtegemea alikuwa Method Kaijage, Mhaya mwenye kampuni ndogo ya viyoyozi Fort Worth, waliyejuana kwenye misiba na harusi za Watanzania. Method alikuwa mtu wa shati lililopigwa pasi hata akiwa chini ya nyumba ya mtu. Alikwisha kataa kwenye simu mara mbili.

"Kaka Elimringi, leseni hii ndiyo ada na ugali wa watoto wanne," alisema. "Siiweki rehani kwa kazi ya mtu mwingine."

"Njoo uitazame tu. Ukiona kasoro, geuza gari."

Alikuja siku ya tisa. Alizunguka namba mbili na tochi, akauliza maswali, akaomba kuona risiti za beringi. Elimringi alikuwa amekwisha funga kila kitu na kukaza kila nati. Method akanyoosha kidole.

"Fungua."

"Nimefunga jana. Kila kitu kimepimwa."

"Fungua, kaka."

Hasira ilimpanda Elimringi mpaka masikioni. Alibakiza siku moja. Kufungua na kufunga tena kungemlia siku hiyo yote. Lakini alikuwa ametoa ahadi mbele ya watu, akachukua spana. Ilimchukua saa tatu. Method akavua saa ya mkononi, akakunja mikono ya shati lake jeupe, akaingiza tochi ndani na kuchungulia muda mrefu. Kisha akamwita.

Kitundu cha kupitishia mafuta kwenye beringi kilikuwa hakijakaa sawasawa na mwenzake wa kwenye mwili wa kompresa. Vilipishana kwa upana wa ukucha. Mtambo ungewaka vizuri, wangepigiana makofi, na baada ya saa chache ungekauka mafuta na kujisaga wenyewe mpaka pasibaki cha kutengeneza.

Elimringi aliketi kwenye ndoo iliyopinduliwa. Miaka ishirini na mitano ya ufundi, na alikuwa amekosea jambo ambalo alimfundisha kila mwanafunzi wake wa Mwanza. Method hakumcheka wala hakumfariji. Alivua shati, akalitundika kwenye msumari, akasema yeye atashika tochi. Walifunga pamoja. Dorothea alipoleta chakula aliwakuta wote wawili weusi kwa mafuta, wakibishana kuhusu siasa za Bukoba.

Siku ya kumi, saa nne asubuhi, Method aliweka sahihi yake. Elimringi akabonyeza. Namba mbili ilikohoa, ikasita, ikashika. Pruitt alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi. Wakatazama mshale wa kipimo mpaka ulipoanza kushuka.

*

Barafu ilikaa kiangazi chote. Mwezi wa nane walikuja kwenye mchujo watoto kumi na saba. Wawili walichukuliwa na klabu ya kaskazini wiki hiyohiyo, na klabu ikampigia simu Elimringi pia, ikitaka golikipa. Alimpa Tania simu aamue mwenyewe. Tania alisikiliza kwa adabu, akasema hapana asante, akakata, akaendelea kula. Yule baba wa sherehe alirudi na watoto wake arobaini, wakateleza bure tangu asubuhi, na mmoja wao akajiandikisha timuni.

Mwezi wa kumi na moja walishuka Houston kwenye mashindano, mwendo wa saa nne na ushei, magari manne yakifuatana. Unyevu wa Houston uliingia hadi ndani ya uwanja, na nusu fainali ikaanza ukungu ukiwa umetanda. Timu ya wenyeji ikalalamika, ikataka mechi isogezwe. Watoto wa Carrollton walikwisha anza kuzunguka uwanja kwa kasi kabla hawajaambiwa. Nderitu alisimama jukwaani na sare zake za hospitali, maana alitoka zamu akaingia kwenye gari, akacheka mpaka akakohoa. Walishinda mbili kwa sifuri. Fainali walifungwa, tatu kwa mbili, na goli la mwisho lilimpita Tania katikati ya miguu. Njiani kurudi, walipopita Huntsville, akauliza kama kesho kuna barafu. Baba akamwambia ipo.

Mtu angependa kusema uwanja ule ulipona. Haukupona. Mwaka 2005 kampuni iliuuza, ukarudi kuwa ghala. Elimringi kufikia hapo alikuwa na leseni yake mwenyewe. Alifeli mtihani mara mbili kwa ajili ya Kiingereza cha sheria, akapita mara ya tatu. Nderitu akaihamishia timu Richardson, jina lake na fulana zake zilezile, na kule wakapewa saa mbaya zaidi kuliko za Carrollton, wakazichukua.

Siku ya mwisho Bwana Pruitt alikuja chumba cha mitambo na karatasi ya kampuni, akamwambia kwa upole kwamba muda umefika, azime.

Elimringi alikuwa anapanga spana zake ndani ya sanduku, moja moja, akizifuta kwa kitambaa.

"Mimi niliajiriwa kugandisha," alisema. "Kuyeyusha hakumo kwenye kazi yangu."

"Elimringi, lazima mtu azime."

"Basi atafutwe huyo mtu."

Pruitt akauliza swichi iko wapi. Elimringi alifunga sanduku, akalibeba begani, akampa mkono meneja wake kwa heshima zote, maana hawakuwa na ugomvi, akatoka nje kwenye jua. Alipowasha gari bado aliweza kuzisikia namba moja na namba mbili zikinguruma nyuma ya ukuta. Pruitt hakujua mitambo. Ilimchukua karibu saa nzima kuizima.

Jumatatu saa kumi alfajiri Elimringi alikuwa Richardson, sanduku begani, akigonga mlango wa uwanja mwingine ambao kompresa yake, alikwisha ambiwa na watu, haitengenezeki.